Kabla hujamnunulia mwanao kichezeo

Ukipita katikati ya jiji jioni ya mwisho wa mwezi, huwezi kukosa kuwaona wachuuzi waliotandaza vichezeo vya watoto kando ya barabara. Kuna simu za plastiki zinazoimba, magari yanayowaka taa nyekundu na buluu, wanasesere wanaolia ukiwabonyeza tumbo, na mbwa wanaotembea wenyewe. Magari yakikwama kwenye msongamano, vichezeo hivyo huletwa hadi dirishani. Ukiingia supamaketi utavikuta vingine, hivi vikiwa ndani ya maboksi yenye picha ya mtoto anayecheka, pamoja na maneno ya kukuhakikishia kwamba mwanao atakuwa mwerevu kuliko wenzake.

Wanunuzi wengi ni wazazi wa watoto wachanga, na aghalabu si watu wenye pesa za kuchezea. Chukua mfano wa mama mwajiriwa ambaye likizo yake ya uzazi imekwisha. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba inampa majuma mawili. Miezi mitatu ikiisha, mtoto ndiyo kwanza anaanza kucheka kwa sauti. Mama anaamka alfajiri kuwahi matatu, anamwachia yaya mtoto akiwa bado usingizini, na anaporejea saa mbili usiku anamkuta amelala tena. Mwisho wa mwezi moyo unamsukuma anunue kitu cha bei, ili angalau mtoto ajue kwamba mama anamkumbuka.

Hisia hiyo haina ubaya, wala si lengo la safu hii kumlaumu mzazi anayehangaika. Hata hivyo, kabla ya kutoa noti mfukoni, ni vyema ujiulize maswali mawili. Kichezeo hiki kitamfunza nini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja? Na je, kinaweza kumdhuru?

Kichezeo ni cha nini?

Mtoto mchanga hujifunza kwa macho, masikio, mikono, na zaidi ya yote kwa mdomo. Wazazi wengi humpiga mtoto kofi la mkono kila anapopeleka kitu kinywani, wakidhani kwamba ana njaa au ana tabia mbaya. La hasha! Mdomo ndio chombo chake cha uchunguzi. Kwa ulimi na ufizi anatambua kwamba kijiko ni kigumu na baridi, na leso ni laini. Kwa hivyo, kitu usichoweza kumwachia akitie mdomoni hakifai kuitwa kichezeo cha mtoto wa umri huo, hata kikiwa ghali namna gani.

Jambo la pili analojifunza ni kwamba akifanya hivi, hutokea vile. Akitikisa njuga, inalia. Akiachilia kikombe, kinaanguka na kupiga kelele. Huo ndio mwanzo wa kufikiri. Kichezeo kizuri ni kile kinachosubiri mtoto akifanyie kazi. Kile kinachoimba, kuwaka na kutembea chenyewe kinamwacha mtoto akitazama tu, na baada ya muda mfupi anachoka nacho.

Jambo la tatu ni lugha, na hili halitoki kwenye betri. Mtoto hujifunza maneno kutoka kwa mtu anayemtazama usoni, anayetaja kile ambacho mtoto anakishika, na anayengoja mtoto ajibu kwa sauti zake za "ba-ba" na "ma-ma". Kwa sababu hiyo, pima kichezeo kwa kigezo hiki: je, kitamfanya mtu mzima aketi chini na mtoto wazungumze, au kitampa mtu mzima sababu ya kuondoka?

Fuata kitabu cha kliniki

Kosa la kawaida ni kumnunulia mtoto wa miezi mitatu kitu kinachomfaa mtoto wa miaka mitatu. Njia rahisi ya kuepuka kosa hili ni kufuata ziara za kliniki ambazo kila mama wa hapa Kenya anazijua: majuma 6, majuma 10, majuma 14, miezi 6 anapopewa vitamini A, na miezi 9 anapochanjwa ukambi. Kila unapofungua kile kitabu, jiulize mwanao sasa anaweza kufanya nini. Watoto hawakui kwa kasi moja, kwa hivyo usiogope mwanao akitangulia au akichelewa kidogo. Ukiwa na wasiwasi, mwulize muuguzi siku hiyo hiyo.

Kuanzia kuzaliwa hadi majuma 6, mtoto huona vizuri vitu vilivyo karibu tu, umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Huo ndio umbali kati ya uso wake na uso wa mama anaponyonya. Katika miaka ya 1960, mtafiti Robert Fantz wa Marekani alionyesha kwamba watoto wachanga hupenda kutazama michoro yenye rangi zinazotofautiana wazi na maumbo yanayofanana na uso wa binadamu, kuliko kitu kisicho na mchoro wowote. Hivyo basi, kichezeo cha kwanza ni uso wako. Cha pili ni sauti yako. Cha tatu unacho kabatini: leso yenye maua makubwa na pindo jeusi. Mkunjulie mbele ya macho yake, uisogeze polepole kulia na kushoto, umwone akiifuata.

Akifika majuma 14, ngumi zake zimeanza kufunguka na anajaribu kukifikia kitu anachokiona. Sasa ndio wakati wa njuga nyepesi yenye mpini mwembamba anaoweza kuushika. Kitambaa cha rangi kilichofungwa fundo kubwa kinafaa vilevile. Katika umri huu mtoto anahitaji pia kulazwa kifudifudi juu ya mkeka akiwa macho na mtu akiwa karibu, ili shingo na mabega yapate nguvu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2019 kwamba mtoto ambaye hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 za namna hiyo kwa siku, zikigawanywa kidogo kidogo. Weka kitu cha rangi mbele yake, naye atainua kichwa akione. Lakini wakati wa kulala usingizi, mlaze chali.

Akitimiza miezi 6, anaweza kuketi akiegemezwa, na anahamisha kitu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hapo usiende dukani, nenda jikoni. Mpe kikombe cha plastiki, kijiko kikubwa kisicho na ncha kali, bakuli, kisufuria na mwiko mfupi. Vitie vitu vitano au sita ndani ya kikapu au beseni ndogo umwachie achague mwenyewe. Atapiga kisufuria mpaka majirani wa nyumba ya juu waulize kuna nini. Wavumilie, nao wakuvumilie. Mtoto huyo anajifunza kwamba chuma na mbao havitoi mlio mmoja.

Miezi 9 ni umri wa ajabu. Mtoto anatambaa, na anaanza kuokota vitu vidogo sana kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Tena ameanza kutambua kwamba kitu hakipotei kwa sababu tu hakionekani. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka wa 1980 na ambaye aliwachunguza kwa makini watoto wake watatu, aliona kwamba ni karibu miezi minane ndipo mtoto huanza kukitafuta kitu kilichofichwa mbele ya macho yake. Jaribu wewe mwenyewe. Ficha kijiko chini ya leso. Mtoto wa miezi mitano atakisahau papo hapo, lakini wa miezi tisa atainua leso akichukue. Jifunike uso kwa leso hiyo kisha ujitokeze ghafla. Ataangua kicheko kila mara.

Huu pia ndio umri wa kuangusha. Mtoto anatupa kijiko chini, unamwokotea, anakitupa tena. Wengi hukasirika na kusema mtoto amekuwa mtundu. Ukweli ni kwamba anapima: je, kitaanguka na mara hii? Na je, mama atakiokota tena? Mpe mkebe mpana usio na makali na vitu vikubwa vya kutia na kutoa, kama vile vifuniko vipana vya mitungi na mipira ya soksi zilizokunjwa. Ataweza kukaa hapo muda mrefu kuliko unavyodhani.

Anapokaribia mwaka, anasimama kwa kushikilia kiti na anataka kusukuma vitu. Boksi gumu la kartoni lililotiwa nguo kuukuu ndani ili lisipinduke litamfaa sana. Mpira wa matambara nao ni mzuri kuliko mpira mgumu, kwani hauendi mbali na hauvunji kitu. Kata picha kubwa kubwa za kalenda ya mwaka uliopita, uzigandishe kwenye kartoni, na tayari ana kitabu. Taja kila picha: ng'ombe, jua, mama, basi. Zungumza kwa lugha unayoijua vyema, iwe ni Kiswahili, Kikamba au Kidholuo. Mtoto hatachanganyikiwa, na maneno yatamtiririkia kwa utajiri ambao lugha ya kubahatisha haina.

Kuna kitu kimoja ambacho wazazi hukinunua wakati huu wakidhani kinamsaidia mtoto: kile kigari cha magurudumu ambacho wengi hukiita "woka". Kigari hicho hakimfundishi mtoto kutembea. Kinampa mwendo wa kasi asioweza kuudhibiti, na kumfikisha kwenye ngazi au kwenye jiko kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka wa 2004. Kama mnaishi orofani au mnapikia chumba mnachokaa, pesa hizo zitumie kwa jambo jingine.

Funzo kutoka Jamaica

Huenda msomaji akasema, "Haya ni maneno ya kuwafariji maskini. Mtoto wa tajiri ananunuliwa vitu vya kweli, wangu napewa mwiko." Basi na tuangalie yaliyotokea katika mji wa Kingston, Jamaica.

Mwaka wa 1986 na 1987, Profesa Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 kutoka mitaa ya watu wenye kipato cha chini. Watoto hao walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24, na wote walikuwa wamedumaa kwa sababu ya lishe duni. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa kijiji mara moja kwa juma, kwa muda wa saa moja hivi, kwa miaka miwili. Mhudumu huyo alibeba vichezeo vilivyotengenezwa kwa mikono kutokana na vitu vya kawaida, akamwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto, jinsi ya kuzungumza naye, na jinsi ya kumsifu anapofaulu.

Watafiti waliwafuatilia watoto hao mpaka wakawa watu wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014, miaka 20 baadaye, yalionyesha kwamba wale waliotembelewa walikuwa wakipata mapato yaliyozidi ya wenzao waliodumaa na wasiotembelewa kwa asilimia 25. Walikuwa wamewafikia wale ambao hawakudumaa utotoni.

Zingatia kilichofanya kazi hapo. Vichezeo vilikuwa vya mkono. Kilichobadilika ni kwamba mtu mzima aliketi na mtoto, tena na tena, akijua anachokifanya. Ni wazo hilo hilo ambalo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanalifundisha katika mafunzo yao ya malezi kwa wahudumu wa afya: mpe mtoto vitu safi na salama vya nyumbani avishike, avigonge na aviangushe, nawe uitikie anachokifanya.

Vinavyoimba na kuwaka taa

Vipi basi vile vichezeo vya betri vinavyotaja herufi na kuhesabu kwa Kiingereza? Mwaka wa 2015 mtafiti Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alichapisha utafiti aliofanya kwa wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Walirekodiwa nyumbani wakicheza na vichezeo vya umeme, kisha vichezeo vya kawaida kama vile matofali ya kuchezea, kisha vitabu vya picha. Wakati wa vichezeo vya umeme, wazazi walizungumza maneno machache zaidi, na watoto nao walitoa sauti chache. Maneno mengi zaidi yalisikika walipofungua vitabu. Sababu yake si ngumu kuiona: kichezeo kikizungumza, mzazi hunyamaza.

Video nazo ni vivyo hivyo. Kampuni ya Disney, iliyokuwa mmiliki wa video za Baby Einstein zilizopendwa sana na wazazi, ilijitolea mwaka wa 2009 kuwarudishia pesa wanunuzi wa Marekani ambao hawakuridhika, baada ya kulaumiwa kwamba video hizo zilitangazwa kama za kuelimisha watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya televisheni wala simu. Ninajua ni vigumu unapopika na mtoto analia. Mpe vifuniko na kisufuria, mweke mahali unapomwona na mbali na moto, umwambie unachokikata. Yatosha.

Usalama kwanza

Hapa hatuna mzaha, kwa sababu kichezeo kibaya kinaweza kumwua mtoto kwa dakika chache.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Katika nchi nyingi, vichezeo vya watoto wa chini ya miaka mitatu hupimwa kwa kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7, ambalo limefanana na koo la mtoto. Kitu chochote kinachoingia mle ndani hakiruhusiwi. Nyumbani unaweza kutumia lile bomba la karatasi lililo katikati ya karatasi ya chooni. Bomba hilo ni pana kidogo kuliko kopo, kwa hivyo linakupa nafasi ya ziada ya usalama. Kitu kinachopita ndani yake, au sehemu yake inayoweza kung'oka na kupita, usimpe mtoto. Vuta macho ya mwanasesere, vuta magurudumu ya gari, vuta vifungo. Kama kinang'oka kwa mkono wako, kitang'oka kwa meno yake. Kumbuka pia sakafu: sarafu, punje za mahindi, maharagwe, njugu karanga na shanga za mkufu uliokatika.

Jambo la pili ni betri ndogo za mviringo kama sarafu. Hizi ni hatari kuliko wengi wanavyofikiri. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea kwa muda wa saa mbili tu. Usinunue kichezeo ambacho mfuniko wa betri unafunguka bila bisibisi. Ukishuku kwamba mtoto ameimeza, usimtapishe wala usingoje uone. Mkimbize hospitalini hata kama anacheka. Sumaku ndogo nazo ni hatari vilevile, kwani mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za matumbo na kuyatoboa.

Jambo la tatu ni kamba, baluni na mifuko ya plastiki. Kamba inayoweza kuzunguka shingo ikatwe. Kipande cha baluni iliyopasuka huziba koo na ni vigumu kukitoa.

Jambo la nne ni rangi. Rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto bila dalili ya haraka. Usidhani ni vitu vya barabarani tu. Mwaka wa 2007 kampuni ya Mattel, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za vichezeo duniani, ililazimika kuvirudisha karibu vichezeo milioni moja vya Fisher-Price nchini Marekani kwa sababu ya rangi yenye risasi. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, na ukataa kichezeo ambacho rangi yake inabanduka ukikikwaruza kwa ukucha au kinachonuka dawa kali.

Kwa wale wanaonunua mitumba Gikomba, Toi au Kongowea, hakuna aibu. Vichezeo vingi vizuri hupatikana huko. Lakini kagua mishono ya wanasesere, kwani vitu vilivyojazwa ndani vinaweza kutoka. Vya kitambaa vifue kwa sabuni uvianike juani. Vya plastiki vioshe vizuri, na vilivyopasuka vitupe.

Tena kila mzazi na kila yaya ajue la kufanya mtoto wa chini ya mwaka akisakamwa. Akiwa anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, nawe usimwondoke. Akishindwa kulia, kukohoa au kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukikishikilia kidevu chake. Mpige mgongoni, katikati ya mabega, mara 5 kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia hivyo huku mtu mwingine akitafuta gari la kwenda hospitalini. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, kwani unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Yaya, baba na wanafunzi

Tukubali ukweli: katika nyumba nyingi za mjini, anayekaa na mtoto saa nyingi zaidi ni yaya. Ukileta kichezeo nyumbani bila kumweleza yaya kinachezwaje, umekinunulia kabati. Jumamosi moja keti naye chini kwenye mkeka. Mwonyeshe mchezo wa leso, mkebe na vifuniko. Mwambie kwamba kuzungumza na mtoto ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo kufua nepi, na mshukuru anapofanya hivyo. Yaya anayegombezwa kwa sababu vyombo havijaoshwa, na haulizwi kamwe kama mtoto amecheza, atajua ni lipi lenye thamani kwako.

Kama unampeleka mtoto kwa mama anayelea watoto mtaani, ingia ndani uangalie. Je, watoto wako sakafuni wakitambaa na kushika vitu, au wamefungwa kwenye viti mbele ya televisheni? Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asikae amefungwa mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo. Wabebee vikombe na vifuniko kama hawana.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msidhani hayawahusu. Likizo ikifika, mpira wa matambara na kitabu cha kartoni ni kazi ya alasiri moja. Mkishavitengeneza, chezeni na mdogo wenu. Hakuna mwalimu anayependwa na mtoto wa miezi kumi kuliko kaka au dada yake.

Baba naye asingoje mtoto aanze kupiga mpira. Kucheza na mtoto wa miezi minne hakuhitaji ujuzi wowote, isipokuwa kuweka simu kando.

Na wewe mama unayerudi saa mbili usiku ukamkuta amelala? Nusu saa yako iko asubuhi. Amka mapema kidogo, mnyonyeshe taa ikiwa imewashwa ili akuone usoni, na unapomwosha taja kila kiungo unachokigusa. Mpe kikombe achote maji ya beseni akiwa bado mkononi mwako. Mchezo huo hauhitaji mshahara, na hakuna mchuuzi anayeweza kukuletea dirishani.

Mwisho, usimwagie mtoto vichezeo vyote kwa siku moja. Vitatu au vinne vyatosha. Vingine vifiche, na baada ya juma moja uvibadilishe. Ataviona vipya. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo huanza kabla hajajua kutembea.

Juma lijalo tutazungumzia chakula cha kwanza cha mtoto anapotimiza miezi sita: aanze na nini, na kwa kiasi gani.